Kutupa magarasa: poka, mtungi wa gesi na kalamu nyekundu

Mimi nimekulia kwenye karata bwana. Mtaani kwetu Tabata kulikuwa na kijiwe chini ya mwarobaini, upande huu wazee na bao lao, upande ule drafti ya vizibo vya soda, na sisi vijana katikati na karata zilizochakaa mpaka mzungu wa nne wa kopa alikuwa amekatika kona, kila mtu anamjua hata akiwa amefunikwa. Tunapiga arubastini toka watu wanatoka msikitini mpaka giza linaingia. Hela hakuna, ukifungwa unainuka unampisha mwenzio, unaenda kukaa kwenye tofali kusubiri zamu.

Naanzia huko kwa sababu huko ndo nilikoharibikia. Kwenye arubastini ukigawiwa umegawiwa. Ukipewa magarasa matupu utayacheza hivohivo, utalalamika, utamwambia mgawaji hajachanga vizuri, ila huwezi kusema "hizi sizitaki, endeleeni tu". Miaka kumi na tano nimefundishwa kwamba mwanaume wa kweli ni yule anayepewa magarasa akatafuta namna ya kula nayo. Alafu nikaja kwenye poka, mchezo ambao kazi yako ya kwanza, na karibia kazi yako yote, ni kuyatupa.

Poka ilikuja kwetu kupitia jamaa mmoja anayefanya kazi za meli, alirudi likizo na boksi la karata mpya za plastiki akatufundisha ile ya Texas Hold'em. Kwa asiyejua, kila mtu anapewa karata 2 za siri, alafu zinafunuliwa 5 katikati za wote, kwanza 3 kwa mpigo ambazo zinaitwa flopu, kisha ya nne, kisha ya mwisho, na kila hatua mtu anaweka dau, wengine wanalilipa, wanalipandisha au wanatupa karata zao. Mwenye karata 5 bora anakula mzigo, yaani hela yote iliyowekwa katikati, au anakula aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kukimbia. Basi. Sheria unazijua kwa jioni moja, na nadhani ndo ubaya wenyewe, kwa sababu unalala ukiamini umeshajua kucheza.

Tukaanza kila Ijumaa barazani kwa mwenyeji wetu, watu sita saba, wawili watatu tuna familia, mmoja fundi friji, mmoja ana duka la vipuri, na mzee mmoja mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye wote tunamwita Teacha ila usoni tunasema Mwalimu na shikamoo kwanza. Mwanzoni tulitumia vizibo, vyekundu ni mia, vya njano mia mbili, mpaka siku moja tukahesabu mwisho wa mchezo tukakuta vizibo vimezidi hela iliyowekwa kwenye ndoo kwa kama elfu nane hivi. Kuna mtu alikuwa anapitia baa kwanza. Hatukumjua mpaka leo (mimi namjua). Wiki iliyofuata tukachanga tukanunua chipsi za plastiki Kariakoo, chipsi za kuchezea namaanisha sio za mayai.

Kiingilio elfu 20, dau la lazima, ambalo watu wawili wanaliweka kabla hawajaona karata, mia na mia mbili.

Sasa kama wengi, kichwani nilikuwa na ile stori ya Chris Moneymaker, yaani Mtengeneza-hela, na ni jina lake halisi kabisa. Mhasibu wa Marekani, mwaka 2003 alishinda shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, watu 839, akaondoka na dola milioni 2.5, na kiti chake alikipata kwa kushinda shindano dogo la mtandaoni badala ya kulipa kiingilio cha dola 10,000. Miaka mitatu baadae waliojitokeza kwenye shindano hilohilo walikuwa 8,773. Wote hao walikuwa wameangalia video ileile niliyoangalia mimi, nikiwa nimelala kwenye kochi, bando la usiku, nikasema kumbe inawezekana. Fundi wetu wa friji yeye alikutana na stori ya Doyle Brunson, mzee aliyechukua ubingwa huohuo 1976 na 1977 mfululizo, na mara zote mbili mkono wa mwisho, yaani mgao wa mwisho wa karata, alikuwa ameshika kumi na mbili, yaani 10 na 2, garasa la hali ya juu. Tangu siku hiyo Fundi akipata 10 na 2 hatupi hata umwambie nyumba inaungua. Tumemshukuru sana huyo mzee wa watu, kila mwezi.

Miezi mitano ya kwanza nililiwa. Sio kila Ijumaa, na hapo ndo utamu wa kujidanganya ulipo, kwa sababu Ijumaa moja kati ya tatu natoka na elfu thelathini arobaini naenda kununua kuku wa kuchoma naingia nalo nyumbani kifua mbele. Sikuwa naandika popote. Nilikuwa nakumbuka kuku tu.

Halafu ikaja ile ya gesi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mama watoto asubuhi alinipa hela ya kujaza mtungi nikitoka kazini, mimi ni fundi simu, nina meza Kariakoo mtaa wa Aggrey, nikasema ntapitia. Sikupitia. Nikaenda barazani nikijiambia nitajaza kesho, hela iko mfuko wa shati, ya mchezo iko mfuko wa suruali, kama vile mifuko ya nguo ni benki mbili tofauti. Saa nne kasoro nikafunua kona za karata zangu nikakuta ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Wewe unayecheza unajua moyo unavyofanya. Karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326 na ree mbili ni namna 6 tu kati ya hizo, mara moja kwa 221, kwa mwendo wetu wa kuchanga na kubishana ni kama mara moja kwa Ijumaa mbili. Nikapandisha, Fundi akapandisha, nikasukuma zote, akalipa huku anacheka. Ana nane na saba za uru. Hapo mimi nashinda zaidi kidogo ya robo tatu ya muda. Flopu ikaja na nane, ya nne haina maana, ya mwisho saba. Jozi mbili. Fundi akavuta mzigo kwa mikono yote miwili kama mtu anakumbatia mbuzi.

Hadi hapo sikuwa nimekosea kitu, na nilichelewa sana kulielewa hilo. Kosa lilianza dakika moja baadae nilipotoa elfu 20 nyingine, nikaanza kucheza kila karata, namfuata Fundi tu, mtu mwingine akipandisha simuoni, namtaka Fundi anirudishie changu. Dakika ishirini ikaisha. Nikaingia mfuko wa shati.

Wenzetu wanaita tilti, sisi kijiweni tunasema mtu anafukuzia. Ukiangalia kwa nje ni kituko, mtu mzima anaweka hela na tano na jeki za rangi tofauti, ila kwa ndani haionekani kama hasira, inaonekana kama ujasiri. Mimi nilikuwa najisikia jasiri kabisa usiku ule. Nilirudi saa nane usiku na boda ya mkopo.

Jumamosi asubuhi gesi ikakata chai ikiwa haijachemka. Mama watoto akaita, baba, gesi imeisha, ule mtungi uliuacha wapi? Sikujibu, na kutojibu ni jibu. Hakugomba. Alitoka nje akachukua jiko la mkaa lililokuwa limefunikwa na karai, akawasha, akachuchumaa akawa anapepea na kifuniko cha ndoo, na kila akipepea mara mbili tatu ananyanyua macho ananiangalia, alafu anaendelea kupepea. Siku tisa tulipikia mkaa, mpaka mashati yangu ya kazini yalinuka moshi na mteja mmoja akaniuliza kaka siku hizi unauza mishkaki.

Sikuacha kucheza, najua kuna msomaji angependa niseme niliacha. Na wapo watakaosema kamari ni kamari, wengine wana dini zao, sibishani nao hata kidogo, kama ipo kwenye damu yako kukopa ili ucheze basi ushauri wangu ni uuze hizo karata leo. Mimi nilichofanya nilikwenda kwa seremala nikachongesha kibubu.

Kibubu kile cha mbao, kina tundu juu. Nikasema hela ya poka itatoka humu tu na itarudi humu tu. Wazoefu wengi wanasema uwe na walau viingilio 20 pembeni kabla hujakaa kwenye meza, kwa sababu hata anayecheza vizuri ana misimu ya kuliwa mfululizo, na anayecheza na hela ya gesi hawezi kufikiri, anafikiria gesi. Viingilio 20 vya elfu 20 ni laki nne, sikuwa nayo. Nikaomba kuingia na elfu 10, wakakubali kwa kunicheka, kwa hiyo nilihitaji laki mbili. Ilinichukua miezi mitatu, buku mbili mbili, jero jero, chenji za wateja.

Miezi hiyo mitatu nilikuwa naenda barazani kila Ijumaa bila kucheza. Nilikuwa mgawaji. Hii hakuna aliyenishauri, ilitokea tu kwa sababu nilikuwa naona aibu kukaa nyumbani, na ndo shule kubwa kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Ukiwa mgawaji huna karata, kwa hiyo huna matumaini, na mtu asiye na matumaini anaona vizuri sana. Niligundua kwanza kwamba watu hawajisaliti kwa uso, hayo ya miwani myeusi ni maigizo, watu wanajisaliti kwa muda. Mwenye duka la vipuri akiwa na karata nzuri anakaa anafikiri, anakuna kidevu, anahema kama anabebeshwa gunia, kisha analipa "basi tu nione". Akiwa anapiga mkwara anasukuma chipsi haraka. Miezi yote mitatu hakubadilika hata mara moja, na mimi huko nyuma nilikaa naye meza moja miezi mitano sikuwahi kuona.

Kitu cha pili nilichoona ni nani hapati kuliwa. Teacha. Nilikuwa nadhani mzee ana bahati. Nilivyoanza kuhesabu kwa vidole nikakuta katika karata kumi anazogawiwa, nane anatupa, anarudi kwenye karanga zake. Kumi anatupa nane! Sisi wengine tunatupa mbili, tatu tukiwa na usingizi. Siku nyingine ananiuliza hata matokeo ya mpira wakati wenzie wanapandishiana.

Nilipokuja kukaa tena, nikaja na daftari. Kazini ninalo, kaunta buku, kila simu inayofika mezani naandika jina la mteja, tatizo, nimefanya nini, nimelipwa shilingi ngapi. Simu ya elfu kumi na tano naiandikia mistari minne, na hela niliyokuwa namwaga barazani sikuwahi kuiandikia hata mstari, hebu fikiria. Nikaanza. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, nimeingia na ngapi, nimetoka na ngapi, na mikono mitatu mikubwa ya usiku ule, nikishinda naweka tiki, nikiliwa naweka mkasi.

Wiki ya tano Teacha akaniomba alione. Akavaa miwani, akapitia kama anasahihisha mtihani, akasimama kwenye mkono mmoja niliokuwa nimempiga yeye mwenyewe. Nilikuwa na ree ya kopa na tisa ya kopa. Flopu mzungu wa nne wa kopa, saba ya kopa, na mbili ya maua, kwa hiyo kopa moja tu ikija nina kopa tano na karibia hakuna wa kunigusa. Ya nne ikaja nne ya shupaza, haina kazi. Mzigo ulikuwa elfu 6, Teacha akaweka elfu 6, amebakiwa na elfu 4 mbele yake. Nikalipa. Kopa ikaja. Akanilipa na ile elfu 4 pia. Tiki kubwa.

"Hii mbona umeipa tiki?"

Nikamwambia, Mwalimu si nilishinda, na aliyeliwa ni wewe.

"Kopa zilikuwa zimebaki ngapi?"

Kumi na tatu toa nne nazoziona, tisa.

"Na karata usizozijua ni ngapi?"

Hapo nikahesabu kwa mdomo, 52 toa zangu mbili toa nne za mezani, 46.

"Haya. Cheza mkono huo mara 46. Mara 9 unapata kopa, unakula elfu 12 iliyokuwa imekusanyika pale. Mara 37 unapoteza elfu 6 yako. Fanya."

Nikafanya kwenye simu. 9 mara 12,000 ni 108,000. 37 mara 6,000 ni 222,000. Pengo 114,000, gawa kwa 46, karibia elfu mbili na mia tano. Yaani kila nikilipa pale nilikuwa namgaia mzee elfu mbili mia tano, na siku moja aliyonirudishia nikaandika tiki. Nikajitetea, Mwalimu, na ile elfu 4 yako iliyobaki je? Akasema weka, na ree tatu zilizobaki ziweke pia kama unazitaka, labda zingekusaidia. Nikaweka vyote, mara 12 nakula elfu 16, mara 34 napoteza elfu 6. 192,000 kwa 204,000. Bado naliwa. Kidogo, ila naliwa.

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, akaikata ile tiki. Akasema, "Bwana mdogo, unayoliwa kihalali hayana shida, yatajirekebisha. Haya uliyoshinda kwa kukosea ndo yatakutafuna, kwa sababu utayarudia."

Tangu hapo daftari langu lina kalamu mbili. Bluu nimecheza sawa, nyekundu nimekosea, na matokeo hayahusiki kabisa kwenye rangi. Ree mbili zile za Fundi, ambazo nilizililia miezi, ni bluu. Ila kuna nyekundu kibao ambazo nilinunulia kuku. Kingine nilichojifunza ni kuandika palepale, kabla karata ya mwisho haijafunuliwa ikiwezekana, naandika herufi moja tu nyuma ya kiganja, kwa sababu ukishaona matokeo akili inaanza kuyatungia sababu, ukishinda ulikuwa "unahisi", ukiliwa ulikuwa "unajaribu tu". Wenzangu wanadhani naandika madeni.

Na kama unauliza kwanini usiangalie tu kibubu kimejaa au kimepungua, ni kwamba kibubu kinachelewa sana kusema ukweli. Meza yetu inagawa mikono 25 hivi kwa saa, usiku wa masaa manne ni mikono mia. Mwaka mzima wa Ijumaa haufiki mikono 6,000, na kuna vijana wanaocheza mtandaoni meza nne kwa mpigo wanamaliza idadi hiyo kwa siku chache. Kwa mikono michache hivyo bahati inaweza kumbeba mjinga mwaka mzima na kumzamisha mjuzi mwaka mzima. Fundi mwaka jana alikula kuliko mimi, na 10 na 2 zake.

Daftari hilohilo ndo lililonionyesha kitu cha aibu. Siku moja umeme umekatika, sina kazi dukani, nikajumlisha safu ya saa. Mpaka saa tano usiku nilikuwa juu. Sio sana, ila juu. Baada ya saa tano nilikuwa chini karibia mara mbili ya nilichopata kabla. Rangi nazo zilikuwa zinakubaliana, nyekundu zote zimerundikana huko usiku, baada ya bia ya pili, baada ya mkono mmoja mkubwa kuniendea vibaya. Nilikuwa nimeshasoma habari za asilimia na uwezekano mpaka macho yanauma, nimekariri kwamba ukihesabu karata zinazokufaa baada ya flopu unazidisha kwa 4, na baada ya karata ya nne kwa 2, unapata asilimia ya karibukaribu, kumbe nilichokuwa nahitaji ni kwenda kulala.

Kuondoka ni kugumu kuliko hesabu zote hizo, nakwambia. Ukiondoka umekula unaambiwa mwizi, umekimbia na hela za watu. Ukiondoka umeliwa unaonekana umenuna. Nilichofanya niliwatangazia mapema, jamani mimi nina ndoa, saa tano nanyanyuka, nikiwa juu nikiwa chini, na wiki tatu za kwanza walinizomea kama penalti imepaa, sasa wameshazoea hadi mwenyeji ananikumbusha. Mara moja tu nilivunja, na daftari lina ukurasa mwekundu wa huo usiku, sina haja ya kuueleza.

Kasino nimeenda mara moja, hapa mjini, na shati la kuchomekea. Ukumbi mwingi ni mashine na meza za gurudumu, poka iko kona. Nikauliza kiingilio cha meza ya chini kabisa, nikapiga hesabu, kingemeza zaidi ya nusu ya kibubu kwa kikao kimoja, na kwenye meza za namna hiyo kasino nayo inachukua chake kila mzigo, sehemu nyingi ni kama asilimia 5. Nikanywa soda moja ya bei mbaya nikarudi na daladala ya mwisho. Jamaa zangu wanasema niliogopa. Ndio.

Ijumaa iliyopita nimepata tena ree mbili. Naapa. Na aliyelipa ni Fundi tena, safari hii jozi ya tisa, tumesukuma zote kabla ya flopu, hapo mimi nashinda kama mara nne kwa tano. Tisa ikaja palepale kwenye flopu. Baraza zima likapiga kelele hadi jirani akawasha taa. Elfu 10 yangu ikaenda, nikafungua daftari nikaandika kwa bluu, mkono ulikuwa unatetemeka kidogo sitaki kudanganya, kidole gumba kikawa kinacheza na mfuko wenye elfu 10 ya pili niliyotoka nayo kwenye kibubu. Nikaangalia saa. Tano kasoro dakika saba. Nikasema jamani ngoja niwahi. Teacha hakusema kitu, alisogeza tu miguu nipite.

Boda wa pale nje ananijua. Akawasha pikipiki, akaniuliza, "Vipi kaka leo, umekula au umeliwa?"

"Nimeliwa. Ila nimecheza vizuri sana."

Akazima pikipiki. "Basi kaka, nauli naomba nishike hapahapa kabisa."